Sauti ya Shangazi Siutiti

Kila jioni, sala ikiisha na vyombo vikioshwa, Pisila alitega sikio. Hakuwa akisikiliza wezi, wala mvua. Alikuwa akisikiliza kikohozi.

Kikohozi chenyewe kilikuwa cha kaka yake, Feleti, na hakikuwa cha ugonjwa. Kwao kisiwani Vava'u kijana haingii ndani kama mbuzi mahali alipo dada yake. Hukohoa kwanza mlangoni, dada akajiweka sawa. Na kama kijana amekuja kutazama video, basi dada huondoka kabisa, kwa sababu kaka na dada hawatazami picha moja katika chumba kimoja. Picha haina adabu. Inaweza kumvua mtu nguo mbele yenu bila kuuliza kama nyinyi ni ndugu.

Kwa hiyo Feleti akikohoa, Pisila huchukua madaftari yake na kwenda kwenye banda la jikoni, kukaa na moshi na paka. Nyumbani kulikuwa na kompyuta moja tu, iliyotumwa na baba mdogo kutoka Auckland, ng'ambo ya bahari, na Feleti alikuwa na umri wa miaka kumi na minne na ugonjwa wa raga. Alitazama mechi za wiki hii, za wiki iliyopita, na nyingine zilizochezwa kabla hajazaliwa.

Mama yao, Lavinia, alikuwa ameweka sheria ili heshima isivunjike hata ndani ya mashine. Kompyuta ilikuwa na vivinjari viwili, yaani milango miwili ya kutokea kwenda kwenye mtandao. Kimoja alama yake ya bluu, kingine nyekundu. Cha bluu kilikuwa cha Pisila, cha Mama na cha Bibi. Chekundu kilikuwa cha Feleti. Pisila hakuruhusiwa kugusa chekundu, kama asivyoruhusiwa kuingia kibanda anacholala kaka yake, na Feleti hakugusa cha bluu. Mke wa mchungaji alipoisikia sheria hiyo aliisifu mbele ya watu, na Lavinia alitembea wiki nzima shingo juu kama jogoo.

Pisila mwenyewe alikuwa na sifa zake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Mwalimu Sitaleki alikuwa amemfundisha kompyuta shuleni hadi akawaacha wenzake mbali. Majirani waliotumiwa video za harusi na ubatizo na jamaa zao wa ng'ambo walikuja kwake. "Fundi yupo?" waliuliza mlangoni, na Bibi Kalolaine, mama mzazi wa baba yake, alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote, "Yupo, lakini vueni viatu."

Jumatatu moja mvua ilinyesha tangu mchana. Pisila alikuwa katikati ya insha yake, sentensi tamu imemjia, ndipo akasikia: kho, kho.

"Mama," Pisila alisema, "mwambie insha ni ya kesho."

"Amekaa shambani siku nzima na baba yako," Lavinia alijibu. "Mechi ni saa moja tu. Nenda jikoni."

Jikoni paa lilivuja. Tone la kwanza lilianguka kwenye jina lake, la pili kwenye ile sentensi tamu. Kutoka nyumba kubwa alisikia watu wakishangilia ndani ya mashine na Feleti akishangilia nao. Pisila hakulia. Watoto wanaolia hasira zao hupoa. Yeye aliikalia hasira yake kama kuku anavyokalia yai.

Feleti alipokwenda kwenye kibanda chake kulala, Pisila alirudi kwenye kompyuta. Alijua kwamba kivinjari peke yake hakiwezi kuonyesha video zile. Kinahitaji programu-jalizi, kijiprogramu kinachopachikwa ndani yake ili picha zitembee. Nyumbani walikiita kichezeshi. Alifungua orodha ya programu zote akakikuta, lakini si kimoja. Yalikuwa majina mawili yanayofanana kama mapacha. Hakujua lipi ni la kivinjari cha nani, na hakutaka kujua.

Aliyaondoa yote mawili. Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Lakini asubuhi, kabla hata kuku hawajashuka mtini, baba yao, Saimone, alimwamsha Feleti ili amsaidie kupeleka viazi vikuu sokoni katika mji mkuu, Nuku'alofa. Wakapanda meli. Mtego umetegwa, panya kasafiri.

Jumanne hiyohiyo alasiri barua pepe ikaingia. Ilitoka kwa Maka, mtoto wa Shangazi Siutiti, aliyekaa na mama yake Auckland. Ilikuwa na maneno machache tu: *Hii ni video ya Mama kwa Bibi. Aitazame mwenyewe.* Chini yake kulikuwa na kiungo cha kubofya.

Pisila aliisoma kwa sauti.

Bibi na Shangazi Siutiti hawakuwa wakisemezana. Babu alipofariki, Siutiti, binti yake wa pekee, hakuja kumzika. Waliobeba jeneza walikuja, waliokula walikuja, hata mbwa wa kijiji cha jirani walikuja, ila Siutiti hakuja, na hakutoa sababu. Alipopiga simu baada ya mazishi, Bibi alimwambia, "Usinipigie tena. Sitaki kuisikia sauti yako." Kisha akakata. Tangu hapo miaka ilikuwa imepita, na kila simu ya Auckland ikilia Bibi alipata kazi ya haraka nje ya nyumba, lakini si mbali sana na dirisha.

Sasa alikuwa akisuka mkeka sebuleni. Aliweka chini majani ya mkadi.

"Mimi sina haja nayo," alisema.

"Sawa, Mama," Lavinia alisema.

"Lakini magoti yananiuma. Nitakaa kwenye kiti."

Kiti kilikuwa mbele ya kompyuta. Kabla ya kukikalia, Bibi aliingia chumbani akatoka amechana nywele na amefunga mkeka wake mzuri kiunoni, ule mwepesi unaovaliwa kwa heshima kanisani. Lavinia aliuma mdomo asicheke. "Nasikia koo linamsumbua shangazi yako, maskini," alimnong'oneza Pisila. "Haya, bofya."

Pisila alibofya. Alikuwa amesahau. Ndiyo, alikuwa amesahau kabisa, mpaka pale kisanduku cheusi kilipojitokeza katikati ya skrini, hakina picha wala sauti, kina kialama kidogo tu cha kuonyesha kwamba kuna kitu kinakosekana.

"Iko wapi?" Bibi aliuliza.

Ilikuwa rahisi kusema. Bibi, nilikiondoa kichezeshi jana, ngoja nikirudishe. Hata pumzi moja isingekwisha. Lakini baada ya maneno hayo yangefuata maswali, na baada ya maswali ufagio wa Mama, na baada ya ufagio kijiji kizima kingejua kwamba fundi ndiye mharibifu.

"Ni nyeusi tu, Bibi," alisema.

"Nyeusi kwa nini?"

"Sijui. Labda ndivyo ilivyotumwa."

Bibi aliitazama ile nyeusi muda mrefu kuliko watu wanavyotazama harusi. Kisha akainuka, magoti yakiwa yamepona ghafla, akaenda kuvua mkeka wake mzuri.

Jumatano Pisila alijifanya anaumwa kichwa asiende shule. Mama alipokwenda bustanini, alikaa kurudisha alichoondoa. Alitafuta kichezeshi kwenye mtandao, akaanza kukipakua. Mtandao wa Vava'u siku ile ulikuwa na mwendo wa kobe mwenye mimba. Alikaa akitazama ule mstari mdogo ukijaa, ukisimama, ukijaa, huku sebuleni Bibi akisuka bila kuimba, na Bibi alikuwa mtu wa kuimba.

Kilipomalizika kushuka alikisakinisha, akafunga kivinjari cha bluu, akakifungua upya, akabofya kiungo. Kisanduku cheusi. Akazima mashine, akaiwasha. Kisanduku cheusi. Hakuelewa. Alisoma upya maandishi ya ukurasa ule aliopakulia. Kumbe vichezeshi viko viwili kwa sababu vivinjari haviazimani. Cha bluu kina chake na vingine vina chao, na yeye alikuwa amekileta kimoja bila kuangalia ni cha nani.

Pale pale angeweza kubofya alama nyekundu aone. Kidole kilifika karibu. Lakini chekundu ni cha kaka, na mwiko ni mwiko. Hebu fikirieni: mtoto aliyemfanyia kaka yake hila, aliyemdanganya bibi yake mzazi, sasa anaona aibu kufungua mlango wa kaka. Heshima yake yote ilikuwa imekusanyika mahali hapo tu, mahali pasipo na faida.

Alitaka kupakua kile cha pili, lakini Mama alikwisharudi. "Kichwa kinaumwa na bado unakaa mbele ya taa? Lala." Akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi Lavinia hakuweza kuvumilia tena kimya cha mama mkwe wake. Alimpigia simu Mwalimu Sitaleki, akamkabidhi Pisila simu mbele ya kompyuta, Bibi akiwa palepale anachambua majani.

"Pisila, hujambo. Hebu tuanze mwanzo," mwalimu alisema. Alikuwa mtu mpole asiye na haraka. "Mtandao umekatika?"

"Hapana, mwalimu." Hilo lilikuwa kweli.

"Kuna kitu kiliondolewa au kubadilishwa karibuni?"

Bibi aliacha kuchambua.

"Hapana, mwalimu."

"Una hakika? Maana hicho ndicho kinachoharibu mara nyingi."

"Nina hakika."

"Haya. Umejaribu kwenye kivinjari kingine? Wakati mwingine kimoja kinakataa na kingine kinakubali."

"Nimejaribu vyote viwili, mwalimu. Vyote ni vyeusi."

"Kama ni hivyo," mwalimu alisema taratibu, akiamini kila alichoambiwa, "basi tatizo haliko kwenu. Video yenyewe ndiyo mbovu. Aliyeituma ametuma giza."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na masikio ya Bibi hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Umesikia, Lavinia?" alisema. "Hata mwalimu amesema. Nilimwambia sitaki sauti yake, naye amekumbuka. Amekaa Auckland akafikiri, nimtumie nini mama yangu mzee? Akanitumia giza."

"Mama, labda mashine tu. Niwapigie niwaulize?"

"Mtu asipige. Akitaka kunitukana, tusi limefika. Hatupigi simu kwenda kulishukuru."

Jirani yao, Bi Temaleti, alikuwa amekuja kuomba chumvi, na mtu akija kuomba chumvi wakati kama huo haondoki na chumvi peke yake. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kisimani, dukani na kwenye mazoezi ya kwaya. Ijumaa asubuhi Pisila alipopita njiani kwenda shule, wanawake waliokuwa wakitwanga magome ya miti ya kutengenezea kitambaa walikuwa wakicheka.

"Mwanangu mimi alinitumia mashine ya kufulia," mmoja alisema.

"Wa Kalolaine kamtumia kipande cha usiku," Bi Temaleti alijibu. "Ni zawadi nzuri, haiozi."

Nyundo za mbao zikagonga kwa furaha. Pisila alipita ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemcheka yeye. Hilo ndilo lililomchoma.

Ijumaa ikapita. Jumamosi Saimone na Feleti wakarudi, viazi vimeuzwa, wamechoka na wamejaa chumvi ya bahari. Feleti alipoambiwa video ya Shangazi imekuja nyeusi alisonya tu akaenda kulala.

Jumapili Vava'u hata shoka halilii. Watu huenda kanisani, hula, hulala, huenda tena kanisani. Familia ilikuwa imerudi kutoka ibada ya asubuhi na kufukua chakula kwenye tanuri la ardhini, nyama iliyofungwa kwenye majani ya majimbi na tui zito. Feleti alikula barazani, kama kawaida, ili asikae sahani moja na dada yake. Mara simu ya Lavinia ikalia. Alikuwa Maka. Lavinia aliitazama sahani yenye mafuta na mikono yake, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti kwa kiwiko.

"Mama Feleti," Maka alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Nataka kuuliza jambo moja tu. Bibi aliiona ile video?"

Lavinia alimtazama mama mkwe wake. Safari hii Bibi hakupata kazi nje.

"Ilikuja nyeusi, mwanangu. Haikuwa na kitu."

"Haina kitu vipi? Mimi ndiye niliyeirekodi. Nimeitazama hapa sijui mara ngapi. Inacheza. Kwa hiyo hamkusikia kuhusu Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Walimpasua koo. Uvimbe ulikuwa umekwenda mbali, wametoa kisanduku chote cha sauti. Yuko hai, daktari anasema atapona. Ila hatasema tena. Kamwe." Pua ilivutwa upande wa pili. "Alitukataza tusiwapigie. Alisema Bibi akitaka, atapiga mwenyewe. Alikaa na simu tangu Jumanne. Kila ikilia aliuliza, 'Ni Mama?' Mpaka wanamsukuma kuingia chumba cha upasuaji alikuwa ameishika. Nesi ndiye aliyemnyang'anya."

Hakuna aliyetafuna. Barazani kijiko cha Feleti kilianguka.

"Bibi," Feleti alisema kutoka nje bila kuingia, kwa sababu dada yake yumo, "video ikicheza kwao na kwetu ikiwa nyeusi, hiyo ni kichezeshi. Muulizeni kama kuna mtu alikiondoa."

Hakusema muulizeni nani. Hakukuwa na haja. Macho yote yalimgeukia Pisila, na Pisila akaona kwamba sasa hata ukimya ni jibu.

"Ni mimi," alisema. "Nilikiondoa."

"Lini?" Bibi aliuliza.

"Jumatatu. Ili Feleti asitazame raga."

"Mwalimu alipokuuliza kama kuna kilichoondolewa?"

"Nilisema hapana."

"Na niliposema mwanangu amenitumia giza, ulikuwa wapi?"

"Hapo, Bibi. Karibu yako."

Saimone aliinuka, mkono ukiwa umekwishafika kwenye mkanda. Bibi hakumtazama.

"Keti, Saimone. Kipigo kitamfaa yeye, mimi hakinifai. Pisila, washa."

"Mama," Lavinia alisema kwa hofu, "leo ni Jumapili."

"Washa."

Mashine ikawashwa. Gogo la kanisa la kuita watu kwenye ibada ya mchana lilikuwa likilia, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Bibi Kalolaine aliliacha lilie. Alivuta kiti. Feleti alizunguka nyuma ya nyumba akasimama chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, asione skrini.

"Bibi, mwambie aseme alifanya nini baada ya kukiondoa. Yote, bila kuruka."

"Umesikia. Sema."

Pisila alisema yote. Aliongea akitazama vitufe vya kibodi, machozi yakidondokea humo. Alipofika kwenye vile vichezeshi viwili na kile alichokipakua Jumatano, Feleti alimkatiza.

"Mwulize, Bibi, hicho alichopakua alikijaribu kwenye changu?"

"Hapana," Pisila alisema. "Chekundu ni chako. Sikugusa."

Feleti alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Bibi, mwambie afungue changu. Nimempa ruhusa."

Pisila alibofya alama nyekundu. Akaweka kiungo. Kisanduku cheusi kikatokea, kikapepesa, kikawa jiko la Auckland, na ndani ya jiko alikaa Shangazi Siutiti amefunga kitambaa shingoni.

Kwa hiyo ilikuwa ikicheza. Tangu Jumatano ilikuwa ikicheza, kubofya mara moja tu, nyuma ya mlango ambao wote waliuheshimu na ambao Pisila alimwapia mwalimu kwamba ameufungua.

"Mama," Shangazi alisema. Sauti ilikwaruza kama mwiko kwenye sufuria iliyoungua. "Ulisema nisikupigie. Sikupigii. Hii si simu, kwa hiyo usinigombeze." Alicheka, akashika koo. "Baba alipokufa sikuwa na karatasi za kukaa huku. Ningetoka nisingeweza kurudi, na Maka alikuwa mdogo. Niliona haya kukwambia kwamba binti yako anaishi kwa kujificha. Nikakuacha uamini kwamba sikutaka kuja. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba." Alinyamaza kupumua. "Ijumaa asubuhi wananitoa sauti. Baada ya hapo sitaweza kukujibu. Kama una neno nami, Mama, nipigie kabla. Hata kama ni la ugomvi. Tugombane kidogo. Nimekumbuka kugombana na wewe."

Picha ikasimama.

Chini ya dirisha Feleti, ambaye alisikia tu na hakuona kitu, alikuwa akilia bila kujificha. Lavinia alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha meza. Bibi alikaa wima.

"Rudia," alisema.

Pisila alirudia. Kisha Bibi akasema tena rudia, na tena, na kila mara Shangazi aliomba apigiwe kabla ya Ijumaa. Pisila alipojaribu kugeuza uso, Bibi alimshika kidevu akakirudisha mbele ya skrini, si kwa nguvu.

Halafu Bibi aliomba simu.

Maka aliiweka sikioni kwa mama yake kitandani hospitalini. Wakapatana: akitaka kusema ndiyo, agonge simu kwa kucha mara moja, akitaka kusema hapana, agonge mara mbili.

"Siutiti," Bibi alisema. "Ni mimi."

Ko.

"Umekonda?"

Ko.

"Chakula cha hospitali kinalika?"

Ko, ko.

"Nilijua. Wazungu hawajui kuchemsha hata maji." Kisha midomo ya Bibi ikaanza kutetemeka, na hakuna aliyewahi kuiona ikitetemeka, hata kaburini kwa Babu. "Video nimeiona leo. Leo, mwanangu. Sikukunyamazia. Unanisikia? Sikukunyamazia."

Halafu, ko. Na baada yake ko nyingi zisizohesabika, kama mvua ya mwanzo kwenye bati, ambazo hazikuwa ndiyo wala hapana.

Bibi aliongea nusu saa. Aligombana, maana aliombwa. Alimsema kwa ajili ya mazishi, kwa ajili ya karatasi, kwa ajili ya kunyoa nywele bila ruhusa mwaka aliomaliza shule. Hapakuwa na wa kumrudishia neno, na kila alipongoja kujibiwa jeuri, alikumbuka. Alipochoka alimnyooshea Pisila simu.

"Mwambie shangazi yako."

Pisila alirudi nyuma hatua moja. Kwao, shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake. Mbele yake hata baba mtu huketi chini. Aliichukua simu kwa mikono miwili. Alisema yote, la mvua na la insha, la kuondoa na la kudanganya, na safari hii hakuruka kitu. Mwisho akauliza, kwa sauti ambayo karibu isisikike, "Shangazi, umenisamehe?"

Alisikia pumzi. Alisikia mashine ya hospitali ikilia mbali. Kisha ikaja kucha.

Ko, ko.

Simu ilimtoka mikononi ikaangukia mkekani. Lavinia alinyanyuka kumkumbatia mtoto, lakini Bibi alimzuia kwa kiganja.

"Mwache. Pisila, amekuambia nini?"

"Amesema hapana."

"Inauma?"

"Inauma, Bibi."

"Vizuri. Hiyo ni kweli, na kweli huuma mahali unapopajua. Sasa unajua umesimama wapi na shangazi yako, na unaweza kuanza kutembea kutoka hapo. Mimi tangu Jumanne sikujua nimesimama wapi na mwanangu, kwa sababu uliniambia uongo mdogo usiozidi kidole. Mwalimu naye ulimwambia uongo, akaiita mgonjwa video isiyoumwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulificha ya kwako yakaenda kumuumbua shangazi yako. Sikupigi. Ila kesho utakwenda kwa Mwalimu Sitaleki, utapita kisimani kwa Bi Temaleti na wale wanaotwanga, na utawaambia kwa mdomo wako nani alinitumia giza. Wewe mdomo unao."

Pisila aliitikia kwa kichwa.

"Na Jumapili ijayo," Bibi alisema, akiinama kuiokota simu, "utampigia tena shangazi yako, umwulize upya. Na inayofuata. Utauliza mpaka agonge mara moja. Atakapogonga, na wewe utajua ni kweli, kwa sababu leo hakukudanganya."

Aliirudisha simu sikioni. "Siutiti, bado upo?"

Ko.